Jiwe la Trekta na Jina la Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini sikuambiwa nikate majani. Niliambiwa ninyooshe mikono. Msimamizi wa Viwanja, mzee mrefu wa Sanya Juu aliyestaafu jeshini, alinisimamisha mbele ya stoo ya vifaa akaigeuza mikono yangu juu na chini kama mtu anayechagua ndizi sokoni. Kisha akasema, "Deusdedit, vidole vyote unavyo. Siku utakayostaafu uje unionyeshe tena." Wenzangu waliokaa kwenye benchi wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mmoja wao alikuwa anakunywa uji kwa mkono wa kushoto na wa kulia ameuficha ndani ya koti.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, kwenye chuo kimoja cha serikali mlimani juu ya mji wa Moshi. Jina lake nakaa nalo. Ukisimama pale asubuhi unaiona tambarare yote ya Kahe kule chini, na nyuma yako mlima umejifunika mawingu. Kazi yetu ilikuwa majani: uwanja wa mpira, bustani za nyumba za wakufunzi, kingo za barabara, na mteremko mkubwa ulioanzia bwaloni na kuishia kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji wa wenyeji. Ninyi vijana mnaofanya kazi hii siku hizi mkiwa na kofia ngumu na miwani, mnaniambia ni kazi nyepesi. Haya. Nisikilizeni kwanza.

Nilianzia kwenye slesha, lile panga refu jembamba lililopindwa mwishoni. Hatari ya slesha si slesha yenyewe bali jirani yako. Watu wanafyeka kwa mstari, mmoja akichoka anapoteza mpigo, na chuma kinatua kwenye muundi wa mwenzake. Msimamizi alitupanga mbalimbali, na kila aliyemsogelea mwenzake alitukanwa matusi ya kijeshi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilikuwa mwoga, nasema wazi, na nadhani ni kwa ajili ya uoga huo nilihamishiwa kwenye trekta. Msimamizi alisema, "Trekta halitaki shujaa. Shujaa tunamzika."

Aliyenifundisha trekta ni Fundi Mkuu, Fundi Rajabu wa mtaa wa Majengo kule mjini, mtu mfupi mwenye kanzu safi Ijumaa na ovaroli jeusi kwa grisi siku nyingine zote. Nyuma ya trekta lilifungwa fyekeo, mfuniko mpana wa chuma ambao chini yake huzunguka visu viwili vizito. Nguvu ya kuvizungusha inatoka kwenye injini ya trekta kwa shafti, chuma kirefu kinachojizungusha wazi kabisa kati ya trekta na fyekeo. Shafti ile ilitakiwa kuvaa kava. Kava letu lilivunjika kabla sijaajiriwa, na wakati ule kupata spea ilikuwa sawa na kupata sukari. Kwa hiyo Fundi alituchomekesha mashati, akatukataza makoti marefu, na kila asubuhi alirudia maneno yale yale: "Chombo hakina shemeji, Deo. Kikikukamata hakiulizi wewe ni wa nani."

Betri nayo ilikuwa imekufa. Basi trekta lile tuliliwasha kwa mteremko. Jioni unaliegesha juu ya kilima karibu na bwalo, unasukuma jiwe kubwa chini ya tairi la mbele. Asubuhi unapanda, mwenzako anaondoa jiwe, trekta linaanza kushuka, unaachia klachi, injini inashtuka inawaka. Kijiji kizima kilijua kuwasha gari kwa namna ile. Mlimani kwetu mteremko ni wa bure. Hendibreki ilikuwa jina tu, na gia ilizoea kuchomoka yenyewe. Kilicholishika trekta lile usiku kucha ni jiwe, na mimi nikilala nyumbani nilikuwa naliwaza lile jiwe kama mtu anavyowaza mtoto mgonjwa.

Sasa muone jambo moja linavyozaa lingine. Kwa kuwa kuwasha kulihitaji mteremko, ukishafika uwanja wa mpira, ambao ni tambarare, huthubutu kuzima. Ukizima umekwama mpaka waje watu wa kusukuma. Ndipo tukazoea kufanya kila kitu injini ikinguruma. Mwenzangu Prosper, aliyepokezana nami usukani, siku moja ya masika alikuta majani mabichi yamejisokota chini ya fyekeo na visu vimesimama. Akashuka akiwa ameacha injini inawaka, akapeleka mkono kuyachomoa. Majani yalipolegea tu, visu vikaendelea na kazi yao.

Nilikuwa kwenye kingo za barabara na slesha yangu. Sikusikia yowe. Nilimwona Prosper anakuja akitembea polepole, mkono ameukumbatia kifuani, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Deo, nifunge shati hapa." Yesu wangu! Nilivua shati langu nikamfunga. Hospitali walifanya walichoweza, akarudi kazini kuwa mlinzi wa geti, na mpaka leo akikusalimia anatoa mkono wa kushoto. Kuanzia hapo usukani ukawa wangu peke yangu. Nilikuwa nikipanda lile trekta napiga ishara ya msalaba.

Lakini hofu yangu kubwa haikuwa vidole vyangu. Ilikuwa kina mama.

Asiyetoka mlimani hawezi kuelewa. Kwetu ng'ombe hachungwi. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, kimejaa migomba na kahawa, atachungwa wapi? Ng'ombe anakaa bandani nyumbani, na majani anafuatiwa. Wanaokwenda kuyatafuta ni kina mama, wengine wanashuka mpaka tambarare na kupanda na mzigo kichwani, shingo imezama mabegani. Sasa hapo kando ya uzio wao kuna chuo kinakata majani mazuri na kuyaacha yakauke. Msimamizi wa Viwanja aliyajua maisha ya ng'ombe, akawaruhusu. Sharti lilikuwa moja: wangoje kwenye safu ya miti ya migrevilea mpaka trekta lisimame kabisa.

Wangengoja wapi! Kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza. Walinifuata nyuma ya fyekeo, wameinama, mundu mkononi, khanga zinapepea karibu na shafti. Fyekeo likigonga jiwe linalirusha kama risasi. Nikikata kona nageuka, naona migongo. Nilikuwa napiga kelele mpaka sauti inakauka: "Rudini nyuma jamani, rudini!" Wanarudi hatua mbili tatu, halafu wanasogea tena. Kiangazi ndiyo usiseme.

Na aliyetangulia wote alikuwa mama wa mke wangu, Roza. Mama mkwe wangu.

Kwetu mkwe hakai benchi moja na mama mkwe wake, hamtazami usoni muda mrefu, na jina lake halitamki hata akiwa peke yake shambani. Sasa mimi nitampigiaje kelele? Wengine wote niliweza kuwafokea, yeye nikimfikia nilikuwa nafunga mdomo, nasimamisha trekta, naangalia pembeni, nangoja aamue mwenyewe kusogea. Mwishoni nikamtuma Roza akamwambie. Roza akaenda, akarudi akiwa anacheka.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Anasema wengine ndio waogope. Yeye dereva ni mkwe wake, atagongwaje?"

"Roza, mwambie chombo hakina shemeji!"

"Nimemwambia. Amesema hilo ni la Waswahili wa Majengo. Trekta la mkwe wake linamjua."

Nilikosa usingizi. Mwenzenu nilikuwa naendesha chombo kibovu, na mtu niliyemheshimu kuliko wote duniani anakisogelea kuliko watu wote, kwa sababu eti ninakiendesha mimi. Ningekuwa mgeni kutoka Tanga angekaa mbali na kunitukana, na angekuwa salama.

Tukaingia miaka ya tisini, enzi za ruksa. Mambo yakafunguka, maduka mjini yakajaa, na chuoni wafanyakazi wakaanza kupunguzwa. Msimamizi wa Viwanja alistaafishwa akarudi Sanya Juu. Kampuni binafsi ikapewa kazi ya usafi na majani, nasi tuliobaki tukarithiwa pamoja na slesha na trekta. Bosi mpya aliitwa Meneja, kijana wa Dar es Salaam, mchapakazi, hakuwa mtu mbaya. Ila alitaka kuona majani yameisha mapema. Nilipomweleza habari ya betri na hendibreki aliniambia, "Mzee Deo, spea sasa zimejaa mjini, lakini hilo trekta si ndilo hilo hilo mlilolitumia miaka yote? Vumilia kidogo." Nikavumilia. Huko nje watu waliopunguzwa walikuwa wamejaa vijiweni, na kiti changu kilikuwa kinatazamwa.

Siku yenyewe ilikuwa kiangazi. Nilikuwa nimekata mteremko mkubwa wote, nikalipandisha trekta juu karibu na bwalo, nikazima, nikaliacha kwenye gia, nikasukuma jiwe chini ya tairi, nikalipiga teke kuhakikisha. Kisha nikaenda kunywa uji pamoja na Fundi Rajabu kwenye kivuli cha stoo. Kina mama, walipoona injini imezimwa, wakamiminika mteremkoni kwa haki yao. Kila kitu kilikuwa kama kinavyotakiwa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikapumua.

Mundu wa mama mkwe ulikuwa umeisha makali. Akatazama huku na huku, akaliona jiwe. Na kwa kweli lilikuwa jiwe zuri la kunolea, jeusi, gumu, upande mmoja laini. Lilikuwa jiwe la mkwe wake, chini ya trekta la mkwe wake. Akaliviringisha likatoka, akashuka nalo hadi katikati ya majani, akainama, akaanza kunoa, trekta likiwa mgongoni kwake.

Trekta halikuondoka mara moja. Tairi lilikaa kidogo kwenye kishimo ambacho jiwe lilikuwa limekichimba miaka yote ile, kisha gia ikachomoka. Nilisikia mlio ule mdogo wa chuma nikiwa na kikombe mdomoni. Nikainua macho. Trekta lilikuwa linashuka, na kibaya zaidi linashuka kimya, injini imezimwa, kwenye majani laini, halina hata sauti ya punda. Na mbele yake ni mgongo wa mama mkwe wangu.

"Mama!" nikapiga yowe. "Mamaaa!"

Mteremko mzima kina mama wakainua vichwa. Kila mmoja akamtazama mwenzake. Ukiita "Mama" kwenye kundi la kina mama, kila mmoja anadhani anaitwa mwingine. Wale wa juu walipoliona trekta wakapiga mayowe nao, kelele ikawa moja, haieleweki. Yeye ananoa tu.

"Mkwe! Mkwe!" Wapi. Miguu yangu ilikuwa inakimbia, lakini mteremko ule nisingeumaliza kabla ya trekta, na hilo nililijua. Nikaona kabisa jeneza. Nikamwona Roza amejifunga khanga kichwani, na mimi mlangoni nimekosa pa kuingilia.

Hapo ndipo mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"NDEANASIA!"

Mundu ukasimama. Mama mkwe akanyooka, akageuka kwa hasira, amtafute mtu gani huyo asiye na adabu. Akakutana uso kwa uso na trekta. Aliruka pembeni kama msichana. Tairi likamkosa, ukingo wa fyekeo ukamnasa khanga ukaivua na kwenda nayo, na trekta likaendelea kushuka mpaka mfongoni, likaingia kwa pua, maji yakaruka juu.

Nilipomfikia alikuwa amekaa chini, ameshika kifundo cha mguu, na gauni limechanika pindo. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mama mkwe wangu kinyume cha desturi zote. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Nani amekupa jina langu?" akauliza.

"Mama, nisamehe. Trekta lilikuwa—"

"Trekta nimeliona. Nimeuliza jina."

Nikamwambia nililisikia kaburini, siku tulipomzika baba mkwe, liliposomwa jina la mjane. Tangu siku hiyo lilikaa ndani yangu na sikuwahi kulitoa. Kina mama wakiwa wametuzunguka, wengine walikuwa wanalia, wengine wameziba midomo kwa khanga, na nilijua wanaficha nini. Kabla jua halijazama, mlima wote ulijua kwamba Deo amemwita mama mkwe wake jina, tena kwa sauti ya kufukuza nyani.

Meneja alikuja akikimbia, akauliza kwanza kama trekta limevunjika. Kisha akaiona khanga imejisokota kwenye fyekeo, ndani ya maji. Akakaa chini kwenye majani na shati lake jeupe. Mimi nikatoa ufunguo mfukoni, nikauweka mbele yake.

"Meneja, mimi trekta hili sipandi tena mpaka lipate betri na hendibreki, na kava la shafti. Ukimpata mwingine, mpe."

"Mzee Deo, unajua hali ya kazi ilivyo."

"Naijua. Nina watoto shuleni. Lakini leo nusura nimzike bibi yao mzaa mama."

Fundi Rajabu akasogea, akasimama kando yangu akifuta mikono kwa tambara. "Na mimi sikifungi hicho chombo," alisema. Meneja alitutazama, akaitazama tena ile khanga, akauokota ufunguo. Nilikwenda nyumbani nikijua nimefukuzwa. Trekta lilikaa karakana muda mrefu, nami nikarudishwa kwenye slesha, moyo juu juu kila mshahara unapokaribia. Lakini siku moja Fundi aliniita karakana, nikakuta betri mpya, waya mpya wa hendibreki, na kava la njano la plastiki juu ya shafti. Chini ya matairi kulikuwa na kabari mbili za mbao. Mbao nilizitaka mimi. Mbao hainoi mundu.

Kwa upande wa nyumbani, kesi ilikuwa nzito kuliko ya kazini. Roza alicheka wiki nzima. "Umemwita mama yangu kama mnaitana kilabuni!" Baba yangu mdogo hakucheka. Alikata jani la isale, lile jani refu la mpakani mwa kihamba ambalo Mchagga akiletewa hawezi kukataa kusamehe, tukachukua na pombe ya mbege, tukaenda. Nilibaki mlangoni, kichwa chini. Mama mkwe alilipokea jani, akaligeuzageuza.

"Jina nimesamehe," akasema. "Jiwe sirudishi. Linanoa vizuri."

Niliendesha trekta mpaka nilipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Msimamizi wa Viwanja alikuwa ameshafariki. Nilikwenda Sanya Juu, wakanionyesha kaburi, nikasimama pale nikanyoosha mikono, juu na chini, vidole vyote. Wajukuu zake walidhani nimechanganyikiwa. Mnaniuliza kama naikumbuka kazi. Naikumbuka vibaya mno. Mpaka leo mtu akiegesha gari mteremkoni mbele ya kanisa, misa yote sisikii, nasikiliza tairi. Watu wanasema mzee ameingiwa na ugonjwa wa hofu. Labda. Ila ninyi mnaosoma haya, mkizima injini hesabuni watu walio chini yenu kabla hamjaenda kunywa uji.

Mama mkwe bado yupo. Amezeeka sana, ng'ombe tumempunguzia, jiwe letu liko mlangoni kwake linazuia mlango usifunguliwe na upepo. Juzi mimi na Roza tulimpelekea mtori, supu yetu ya ndizi. Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, ameelekea bandani, amenipa mgongo kama adabu inavyotaka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Deo, Roza yupo karibu?"

"Yuko jikoni."

"Vizuri. Tumemzika Anjelina wiki iliyopita. Ndiye alikuwa wa mwisho wa rika langu. Sasa mimi ni bibi, ni Mama Roza, ni mkwe. Wa kuniita jina amekwisha."

Nikatazama mikono yangu.

"Niite," akasema.

Moyo ulinienda mbio kuliko siku ya trekta, kweli nawaambia. Nikatazama mlango wa jikoni. Nikalisema kwa sauti ndogo, mdomoni tu.

"Sisikii," akasema. "Siku ile ulikuwa na sauti."

Basi nikanyanyuka, nikaenda mpaka mwisho wa uwanja, penye migomba, nikajaza kifua, nikaita kama siku ile. Mbwa akabweka, kuku wakatawanyika, Roza akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi.

Mama mkwe akageuka taratibu kwenye kigoda chake.

"Nipo," akasema.